Ndoto Niliyomnunulia So-dam

Jumatatu, 9 Machi

Tumenyimwa! Mfuko wa elimu wa mji umejibu: binti yangu So-dam hapati ruzuku ya chuo, eti familia ina uwezo. Uwezo gani? Nauza mishikaki ya samaki wa kusaga kwenye mkokoteni, hapa Mokpo, upepo wa bahari ukinichapa kisogoni. Mke wangu, Ok-bun, akauliza niliandika nini penye kazi ya mzazi. Nikajibu: mwenyekiti wa kampuni. Si ndivyo wateja wanavyoniita? Mwenyekiti, niongezee supu! Akasema, Baba So-dam, hapa sokoni hata mnoa visu anaitwa mwenyekiti. Rufaa mwisho Ijumaa. Akanitaka niende nikaseme kazi yangu halisi, basi. Nijivue heshima mbele ya makarani? Thubutu! Nitaota nguruwe.

Jumanne, 10 Machi

Anayeota nguruwe, neema humwangukia. Nani asiyejua? Nikala nyama ya nguruwe hadi nikavimbiwa, nikalala na picha yake chini ya mto. Nikaota nimejilaza juu ya wingu lenye joto kama wali mpya. Chini, bahari yote supu. So-dam anapita juu yake na vitabu vyake, halowi hata kidole. Tamu, jamani! Nilitamani nisiamke. Lakini nguruwe? Hata mkia sikuuona.

Jumatano, 11 Machi

Jirani yetu, Bibi Maeng, ameamka anatabasamu na hasemi ameota nini. Nguruwe huyo! Ndoto njema haisimuliwi, bahati itavuja. Huuzwa ikiwa nzima, na bahati humfuata mnunuzi. Tatizo ni mkwe wake, Gwak, muuza ngisi wa kukaanga anayenipinga kwa kila kitu. Anaitaka kwa ajili ya bahati nasibu. Akaniambia niondoe kiherehere changu, ndoto ya ukoo haitoki nje. Nikamwahidi bibi supu ya bure mpaka majira ya baridi. Bibi akacheka, akasema mkwe wake hajawahi kumwonjesha hata mkia wa ngisi. Imeuzwa! Gwak kanuna kweli kweli.

Alhamisi, 12 Machi

Nimekabidhiwa ndoto yangu. Hakuna nguruwe! Bibi alimwona marehemu mumewe akimchana nywele kando ya dirisha, theluji ikianguka polepole, wote wawili vijana. Basi. Gwak alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, sijui kwa nini. Kisha nikauliza marehemu alizaliwa mwaka gani, maana kwetu kila mwaka una mnyama wake. Mwaka wa Nguruwe! Nani mjinga sasa?

Ijumaa, 13 Machi

Nilijilaza kidogo ndoto initulie mwilini. Nikaamka jioni. Ofisi imefungwa! Hapo ndipo nilipoogopa. Nikamwona So-dam akilini akiosha vyombo vya watu maisha yake yote, kwa ajili yangu. Mara akaingia, viatu chapachapa kwa mvua. Kumbe amekwenda kukata rufaa mwenyewe. Amemweleza karani kwamba baba yake anauza mishikaki mvuani, akirudi vidole havikunjiki. Anajiita mwenyekiti ili binti yake asione haya mbele ya wenzake. Na kwamba yeye hajawahi kuona haya hata siku moja. Nikasingizia vitunguu, nikatoka nje kulia.

Jumatano, 25 Machi

Tumepata! So-dam anakwenda chuo! Ok-bun akasema nimshukuru binti yangu. Nimemshukuru sana, kwa kuifikisha ndoto yangu ofisini ikiwa salama. Jioni kaja Gwak, mpole ajabu. Mwanawe naye kanyimwa. Akaniuliza, kaka, mzazi afanye nini hapo? Nikasahau ugomvi wote. Uchungu wa mwana ni mmoja. Nikamshika bega, nikamwambia ofisini asiende kabisa, atajiharibia. Arudi nyumbani akalale.