Hotuba ya Kuzindua Baraza la Fidia ya Mabega

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ni mimi. Waheshimiwa wakuu wa idara, manaibu wao na wanaokaimu unaibu. Madaktari, wauguzi, wanahabari, na ninyi wananchi mliosimama kwa kukosa viti: itifaki imezingatiwa. (Makofi.)

Tumekusanyika kwa ajili ya mama huyu msusi, aliyeingia zahanati yetu kuchanjwa akiwa mzima wa afya, muuguzi akamdunga juu mno, kwenye kiungo cha bega, na tangu hapo mkono wake haupandi kufikia kichwa cha mteja, wateja wamehamia saluni ya jirani, na yeye mwenyewe sasa anachanwa nywele na bintiye. (Minong'ono.) Nisisitize kwamba chanjo ni salama na ilifanya kazi yake kikamilifu, iliyokosea ni sindano, na sindano hiyo tumeshaichukulia hatua kwa kuitupa. (Vicheko.)

Alipotushtaki, wakili wetu, kijana msomi sana, alimweleza hakimu kwamba sisi tulichanja mkono, hivyo malalamiko ya bega yapelekwe kwa wanaohusika na mabega. Hakimu hakucheka. Alituamuru tuunde chombo cha kumsikiliza mama, kumtibu na kumfidia, ndipo mimi binafsi, kwa maono yangu, nikabuni Baraza hili lenye fremuweki shirikishi na mchakato endelevu, kwa kuwa utafiti wetu unaonyesha asilimia tisini na tisa ya mabega nchini hayana malalamiko kabisa. (Makofi hafifu.)

Naam, mama? Mpeni kipaza sauti.

"Mheshimiwa, mie sina shida na fremu. Nataka daktari wa viungo, nirudi kazini. Hilo Baraza linafunguliwa saa ngapi?"

Swali zuri sana, na kwa sababu ya uzuri wake tutaliundia kamati. (Miguno. Msusi anapanda jukwaani.) Wananchi, nyoosheni mikono juu tuitikie! Bega lako? (Wananchi wanatazamana.) Wajibu wetu! Fidia? (Sauti moja: "Iko wapi?") Inakuja!

Namalizia kwa kumshukuru mchoraji aliyetuchorea jengo la Baraza kwenye turubai hili nyuma yangu, kwa ustadi mkubwa hata hakimu, alipoletewa picha yake, akaridhika kwamba Baraza limeshajengwa, akaifunga kesi. Asanteni sana kwa kunisikiliza. Mama, acha kugonga. Huo mlango ni rangi.