Ubao Kati Yangu na Mama Mkwe

Alhamisi, 13 Machi 2025
Margreth ameniomba kitu kimoja tu: mama yake awepo siku ya kujifungua. Mtoto wetu wa kwanza tulimpoteza mwaka juzi, mama mkwe akiwa mbali, na tangu hapo mke wangu hajaniomba kitu. Siku zake zimekaribia. Nimeahidi.

Tatizo: mama mkwe yuko Nyakatuntu, sisi tuko Ihanda, mvua imeharibu barabara bondeni, magari hayapiti. Elick, mwenzangu wa kijiwe cha bodaboda, ana pikipiki ndefu ya porini. Amesema atamfuata bure. Nimeshukuru, nimekataa. Mama mkwe wangu aletwe na Elick! Uso ningeuweka wapi? Pikipiki yangu ni ya lami, kweli, lakini chuma ni chuma. Kinaweza kuchomelewa.

Ijumaa, 14 Machi
Kutwa nzima kwa fundi Twagirayezu, mchomeleaji. Pikipiki tumeivalisha tairi za meno makubwa. Madigadi ya mbele juu. Ekzosi juu, isinywe maji. Shokapu za nyuma tumeziunga vyuma, zimerefuka shubiri nzima. Fundi akasema cheni itakaza mno. Nikamwambia itazoea.

Imependeza ajabu. Kasoro ndogo: miguu yangu haifiki chini. Nilipofika kijiweni na kusimama, nilianguka, taratibu, kwa heshima, mbele ya watu wote. Elick aliuliza kama aniletee ngazi. Nilikuwa bado nimelala.

Jumamosi, 15 Machi
Margreth amenikumbusha jambo. Kwao mkwe na mama mkwe hawagusani, hata nguo. Miaka minne ya ndoa mama mkwe huniitikia akiwa nyuma ya mlango, nami humpa shikamoo nikitazama ng'ombe. Sasa kiti kimoja tutakikaliaje? Margreth akasema Elick si mkwe. Fundi naye akasema Elick si mkwe. Leo kila mtu amegundua kwamba Elick si mkwe!

Nimepata dawa mwenyewe. Nimeng'oa ubao wa kichwani wa kitanda chetu, fundi akausimamisha katikati ya kiti. Mbele mkwe, nyuma mama mkwe, katikati ubao. Margreth alitazama kitanda, akatazama pikipiki, akacheka mpaka akashika tumbo. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mwaka juzi. Ubao usipofanya kazi nyingine yoyote, hiyo inanitosha.

Jumapili, 16 Machi
Baada ya misa, majaribio. Gunia la maharage limekaa nafasi ya mama mkwe. Kupanda kilima, safi kabisa. Kushuka, upepo ukaushika ubao, tukaishia migombani kwa jirani. Gunia lilidondoka mara mbili. Sina wasiwasi. Gunia halina mikono ya kujishikia, mama mkwe anayo.

Jioni Margreth amesema mgongo unamuuma. Najua anachowaza. Nami nawaza hicho hicho. Kesho naondoka alfajiri.

Jumatatu, 17 Machi
Nimefika Nyakatuntu saa tatu asubuhi. Nimeanguka mara mbili tu. Mama mkwe alitoka na gauni la kanisani, kitenge kimefunika nusu ya uso, mkononi amebeba ekyanzi, chombo cha mti kilichojaa maziwa ya kumpelekea binti yake. Aliizunguka pikipiki. Kiti kilimfika kifuani. Alipandia kwenye kichuguu, akakaa upande.

Njiani hakusema nami. Alisema na ubao. Aliuambia ubao umwambie dereva apunguze mwendo. Nikauambia ubao umwambie mama kwamba breki ni nzima.

Bondeni cheni ikakatika. Mimi chini, pikipiki juu, mguu umebanwa kwenye tope. Yeye alitua wima, na maziwa hayakumwagika hata tone. Alitazama kulia. Alitazama kushoto. Hakukuwa na mtu. Akaweka maziwa pembeni, akapandisha gauni, akaisukuma pikipiki kando, akanishika mikono yote miwili na kunivuta. Mikono iliyokamua ng'ombe miaka arobaini, migumu, yenye joto. Nililia kidogo. Mama yangu mzazi alifariki nikiwa mdogo, sikumbuki mara ya mwisho kushikwa hivyo. Kisha akanigeuzia mgongo, akauambia ubao kwamba yeye hakugusa mtu, amegusa tope.

Hapo akatokea Elick. Kumbe Margreth alimwomba atufuate kwa mbali! Akampakia mama mkwe na maziwa yake, wakapotea kilimani. Mimi nimebaki nasukuma.

Jumanne, 18 Machi
Nimesukuma usiku kucha hadi nyumbani, jirani akanielekeza zahanati; nimefika saa tano asubuhi, kwa miguu, pikipiki ubavuni. Msichana! Amezaliwa leo asubuhi, analia kwa nguvu zote, na Margreth ni mzima. Mama yake hakumwachia mkono tangu jana. Margreth ameniambia safari hii hakuogopa. Nilikaa sakafuni.

Mama mkwe amerudi nyuma ya pazia. Hawezi kunipa mtoto mkono kwa mkono, kwa hiyo alimpa Elick, Elick akanipa mimi. Elick amemshika binti yangu kabla yangu! Nilitaka kukasirika. Nikaona naye macho yamemjaa machozi. Nikamwambia asante. Ilitoka bila kunikwama.

Jumatano, 19 Machi
Tuko nyumbani. Binti ananukia maziwa. Margreth, kabla ya kulala, ameniomba niirudishe pikipiki kama ilivyokuwa, na safari za bondeni nimwachie Elick. Nikaahidi. Nilimaanisha kabisa, karibu saa nzima.

Kisha nikamtazama mtoto. Atabatizwa Pasaka. Lazima babu na bibi yake wa Nyakatuntu wawepo, wote wawili, na bonde litakuwa bado lina tope. Nimepita kwa Twagirayezu, kumsalimia tu. Nimemweleza kwamba tulifanya kosa moja: hatukuinyanyua pikipiki vya kutosha. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nadhani ndivyo anavyopiga mahesabu ya vyuma.