Tambi za Mkwe Zimeniangusha Mbele ya Masanja

Jamani, leo nimeaibika. Nimeaibika mbele ya mkwe, mbele ya shemeji, mbele ya jirani. Naandika hivi koo bado linawasha.

Wengine mnayajua yangu, wengine hamyajui. Niliolewa kijijini Bukundi. Mume wangu alikufa kwa vidonda vya tumbo, hospitali ndivyo walivyosema na karatasi ninayo. Lakini mdogo wake, Masanja, akasema ni mlenda niliompikia. Jirani yetu Kulwa akaapa kwamba ameniona usiku nimempanda fisi kama wachawi. (Mimi! Hata baiskeli siiwezi!) Wakaja na mapanga asubuhi. Nililala kwenye shamba la pamba siku nzima, tumbo chini, sikohoi, ndipo nikapata njia ya kuja Bariadi. Ng'ombe Masanja akabaki nao. Tangu hapo sijampikia mgeni. Chai tu, na chai yenyewe mtu ajimiminie mwenyewe.

Sasa mwanangu Shija amepata mchumba. Anaitwa Upendo, mtoto wa Mbeya, anafanya kazi ofisi za mkoa hapa. Leo mchana ndiyo alikuwa analetwa kunisalimia. Jana Shija ananiambia:

"Mama, Upendo hali nyama."

"Basi nichinje kuku."

"Kuku naye hali."

"Samaki?"

"Hali. Mayai hali, maziwa hali, samli hali. Chochote kilichotoka kwa mnyama."

"Nani kamloga?"

"Hajalogwa, mama. Ameamua tu. Mpikie tambi zile ndefu na mboga, anazipenda. Na usizivunje, wao huwa hawazivunji."

Nyumba ya Msukuma, mkwe anakuja mara ya kwanza, halafu unamwekea majani! Lakini hilo lingepita. Lililonikata maini ni neno alilolisema akiwa mlangoni anatoka.

"Na baba mdogo Masanja atakuwepo. Bila yeye posa haiendi."

Sikulala vizuri. Upendo hajui habari za Bukundi. Nilimwapisha Shija asimwambie mpaka waoane. (Msinihukumu. Hata nyie mngeficha.)

Leo nimepika nje, peupe, sufuria nimeielekeza njiani kila mtu aione. Nikamwita jirani yangu Mama Rehema aje akae kwenye kigoda.

"Mama Rehema, shuhudia. Hii ni chumvi."

"Naona ni chumvi."

"Haya ni mafuta ya pamba. Chupa ilikuwa haijafunguliwa."

"Jirani, una nini leo?"

"Nijibu tu. Umeona?"

"Nimeona!"

Nikaweka dengu, nyanya, karoti, vitunguu saumu, pilipili mbili. Kila kitu nakionyesha kwanza, kama mganga wa mnadani. Pakiti tupu sikuzitupa, nikazipanga mezani ziwe ushahidi. Kasheshe ikaja kwenye vitunguu maji. Vikanitoa machozi, macho yakawa mekundu. Nyie wa mijini mtacheka. Kwetu mwanamke wa umri wangu mwenye macho mekundu huitwa mchawi; hasubiri wageni, anatafuta pa kukimbilia. Nikanawa mara tatu. Yakazidi!

Saa saba wakaingia. Upendo ni mzuri, mpole, kapiga magoti kabisa kunisalimia, "Mwadila, mayu." Kisukuma hicho kafundishwa na Shija. Nikataka kumkumbatia, nikaogopa atayaona macho. Nyuma yake Masanja, na katambuga zake, viatu vya tairi, anasukuma tumbo lililonenepa kwa maziwa ya ng'ombe wangu. Miaka yote hii sijamwona.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo."

"Macho vipi?"

"Vitunguu."

"Aaah. Vitunguu." Akakaa karibu na mlango.

Nikapakua. Tambi zimelala vizuri, mchuzi mwekundu juu, zinanukia. Upendo akafurahi, "Jamani mama, umejisumbua!" Akashika uma. Nilikuwa nimeanza kupumua. Ndipo Masanja akanyoosha mkono.

"Ngoja, binti. Kwetu mpishi anaonja kwanza."

Ni kweli, ni desturi yetu, mpishi anaonja mgeni akiona. Lakini alivyolisema! Anaitazama sahani kama kuna nyoka ndani. Shija akainamisha kichwa. Mama Rehema, ambaye hakualikwa kuingia ila aliingia, akaacha kutafuna kipande chake cha karoti.

Nikasema moyoni, Masanja, leo utanijua. Sitaonja kidogo kama mtu mwenye hatia. Nikachota uma mzima, nikajaza mdomo. Nikavuta. Hazikuisha. Nikavuta tena. Hazikuisha! Ncha moja imeshafika kooni, ncha nyingine bado iko sahani. (Na nani alisema zisivunjwe? Shija!) Nilitaka niwaambie, "Mnaona, sijafa." Nilifika "mnaona."

Pilipili ikaingia kusikoingiwa. Pumzi ikakata. Nikashika meza, meza ikakataa, nikaenda chini na kiti. Macho yamenitoka, miguu inapiga piga.

Masanja akaruka.

"Kajisahau! Kala sumu yake mwenyewe!"

Mama Rehema akapiga yowe, "Mimi niliona chumvi tu! Chumvi tu!"

"Binti, kimbia!" Masanja yuko nje tayari, anapaza sauti mtaa mzima. "Ndiye aliyemmaliza kaka yangu! Kwa mlenda!"

Basi. Siri yangu yote imetoka kwa sentensi moja, na mimi niko sakafuni siwezi hata kubisha. Wallahi sikuogopa kufa. Niliogopa kufa hivyo, maana nani angeamini tena?

Kumbe Upendo hajakimbia. Alinikalisha, akanipiga mgongoni kofi moja, mawili, la tatu nikaona nyota. Nikakohoa, nikapiga chafya. Pumzi ikarudi. Pamoja na pumzi ikatoka tambi. Puani! Ndefu, nzima, inaning'inia. Nikaivuta mwenyewe mbele ya mkwe wangu. (Ilichukua muda. Siwaambii zaidi.)

Majirani wamejaa dirishani. Upendo akaniuliza taratibu.

"Mama, ni kweli anayosema baba mdogo?"

Sauti haitoki. Nikatikisa kichwa tu kukataa, machozi na kamasi vinachuruzika. Akamwangalia Shija. Shija akasema, "Alikuwa na vidonda vya tumbo. Karatasi ipo." Upendo akaiangalia sahani. Aliiangalia muda mrefu, jamani. Nilikuwa kama nimelala tena kwenye lile shamba la pamba, nasikiliza nyayo.

Kisha akakaa. Akauchukua uma ule ule niliotumia kuonja, akazungusha tambi, akala. Akatafuna, akameza. Dirishani hakuna aliyepumua. Akazungusha tena.

"Mama, tamu. Ila wakati mwingine weka na ndimu."

Alimaliza sahani. Mama Rehema naye akaomba, baada ya kuhakikisha Upendo bado anapumua.

Naombeni msicheke, na picha ya tambi puani aliyopiga Mama Rehema msiisambaze. Na wewe Masanja, najua utasomewa hii: umekimbia ukaacha kiatu cha kushoto mlangoni kwangu. Njoo ukichukue. Usiogope, sitakukaribisha chakula.