Askari Mwenye Mwanya

Jumatatu, 3 Novemba

Alhamdulillahi, rizki imebisha hodi. Asubuhi Kahindi wa vyuma chakavu ameniletea, hapa kibandani ninapotengeneza fremu, fremu kuukuu alizokusanya huko skimu, kwenye mashamba waliyogawiwa wabara. Nyingi zimeliwa na mchwa. Moja ina picha ya maporomoko ya maji, na kioo chake kizima. Nikaifungua nyuma niisafishe. Kati ya picha na kadibodi, kifurushi cha nailoni. Ndani, picha za askari! Askari wamekalia mifuko ya mchanga. Askari wananyoana nywele. Askari wamesimama mbele ya helikopta ya jeshi, jangwani, mapanga yake yamelegea kama makuti. Nyuma hakuna jina wala tarehe.

Kahindi akauliza ni vita gani. Nikamwambia bila kusita, vita vya mpakani, kaskazini, zamani zile. Akataka kujua nimejuaje. Nikamwambia mimi Swabir nimezaliwa karibu na uwanja wa ndege wa Ukunda, helikopta nazijua kwa mlio. Akasema picha haina mlio. Kahindi hana adabu.

Nia yangu ilikuwa kuwauzia wazungu wa Diani, wanaopenda vitu vyenye vumbi. Lakini yuko askari mmoja kijana, mbele ya ile helikopta, anacheka. Ana mwanya. Namjua mtu aliyepotelewa na askari mwenye mwanya, ila jina haliji. Chakula cha mchana nimekila bila kujua ni kitu gani.

Jumanne, 4 Novemba

Ami Mbarak! Limekuja nikitia udhu.

Mambo yako hivi. Namtaka Twaiba wa Msambweni, mwaka wa pili huu. Hajanikataa. Alisema mwanamke mwenye kwao haombwi njiani, aombwe kwao. Kwao ni kwa bibi yake, Bibi Subira. Babake Twaiba amekwisha kufa, na walii wa kumwoza aliyebaki ni ami yake, huyo Mbarak mwenye mwanya, aliyekwenda jeshini kijana asirudi tena. Habari hakuna, kaburi hakuna. Ukimwambia bibi kwamba kadhi anaweza kumwoza Twaiba, anakuonyesha mlango. Mjukuu wake ataozwa na ami yake, na ami yake yuko njiani. Yuko njiani tangu mimi sijatahiriwa!

Kila Idd bibi humshonea Mbarak kanzu. Ziko sandukuni. Twaiba aliniambia za mwanzo ni nyembamba, na za siku hizi ni pana tumboni, kwa sababu bibi anasema wanaume wa umri huo hunenepa.

Basi. Ami akiwa marehemu, uwalii unamwendea Salimu, wa ukoo wao wa kuumeni. Salimu ni wangu. Picha yake ya harusi niliitilia fremu pana mpaka tumbo likaonekana dogo. Hanisahau.

Niharakishe tu. Abdulrahim wa maturubai naye anamtaka Twaiba. Kila Ijumaa humpelekea bibi ndizi. Ndizi! Mtu mzima na akili zake.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimekwenda Msambweni. Nimempa bibi shikamoo yangu, akaitikia marahaba, akanikaribisha mkekani. Macho yake yamechoka. Nikampa picha, akaipapasa kwa kidole kama mtu anayechagua mchele. Kidole kikasimama kinywani mwa yule askari. Akamwita Twaiba aje atazame kama huo ni mwanya. Twaiba akasema ndiyo, bibi, ni mwanya.

Bibi akauliza yuko wapi. Nilikuwa nimepanga kusema polepole, kwa hadithi za mitume na subira. Ulimi ukateleza. Nikasema helikopta hii ndiyo iliyoanguka. Nikasema nimeambiwa na mkubwa mmoja wa jeshi. Mkubwa mwenyewe nimemtoa wapi, Mungu ndiye ajuaye.

Nilingojea kilio. Bibi hakulia. Aliuliza kama siku ile mwanawe alikuwa amekula. Nikasema alikuwa amekula. Akauliza alikula nini. Nikasema wali na kunde. Akasema kunde alikuwa akizipenda sana.

Hitima itasomwa Jumapili baada ya alasiri. Miaka yote hii alikataa isisomwe, akisema kumsomea mtu aliye hai ni kumzika kwa mdomo. Na kanzu zote zitatolewa sadaka.

Nimerudi Ukunda mshindi. Mbona basi mahamri niliyonunua stendi nimempa paka? Labda yalikuwa ya jana.

Jumamosi, 8 Novemba

Matayarisho. Nimempeleka yule askari kwa mpiga picha, nikamkuza awe mkubwa kama mlango wa kabati. Nimemtilia fremu ya dhahabu, ile niliyokuwa nimemwekea mteja wa hoteli. Ustadhi amesema picha ya mtu haitaingia chumba cha kisomo. Itatundikwa barazani. Vizuri zaidi, wapita njia nao waone kazi yangu.

Abdulrahim ameleta turubai na mikeka, hakutaka malipo. Kujipendekeza huko! Nimeona nami nitie uzito upande wangu. Hitima ya askari bila askari? Kahindi akaniambia huko skimu yuko Mzee Muange, Mkamba, mstaafu wa jeshi, mwenye medali zake. Nikamwendea. Mkewe, Mama Wayua, akanipa uji. Kuta zao tupu, misumari mitupu. Mama Wayua akasema walipobadilisha mabati alitupa takataka zote za zamani. Nikamsifu kwa usafi.

Mzee Muange ni mkali, hatabasamu hata kidogo. Nimemwambia kuna mwenzake wa kupigiwa saluti. Akasema askari hakatai saluti ya mwenzake, atakuja. Twaiba ataona kwamba mimi si mtu wa ndizi.

Jumapili, 9 Novemba

Ya Rabi nisitiri.

Kisomo kilikwenda vizuri. Yasini imesomwa, dua imeombwa, watu wameitikia amina kwa moyo. Salimu alinikonyeza kutoka upande wa pili wa sinia. Bibi alikuwa ndani na wanawake. Kisha sanduku likatolewa, kanzu zikagawiwa moja moja, zinanukia karafuu. Mimi nilipewa moja pana. Imenikaa vizuri, ila ndefu. Nikaivaa palepale juu ya nguo zangu ili Abdulrahim anione.

Ndipo akaja Mzee Muange. Kofia ya jeshi, medali kifuani, viatu vinang'aa. Watu wakasimama. Akapiga hatua mpaka mbele ya picha, akainua mkono wa saluti. Mkono ukakwama njiani. Akainama. Akatazama tena. Kisha yule mzee asiyetabasamu akacheka kwa kinywa chote, na mimi nikauona. Mwanya! Mwanya ule ule, mpana kama wa kupitishia kalamu!

Akauliza kwa sauti ya paredi, "Huyu mbona ni mimi?"

Lahaula. Akasimulia yote, hakuna aliyemwomba. Kambini walikatazwa kupiga picha, yeye akazipiga kwa siri, na aliporudi nyumbani akazificha nyuma ya maporomoko ya maji. Leo asubuhi ndipo amejua kwamba mkewe alimpa Kahindi fremu hiyo. Na helikopta haikuanguka hata siku moja. Ilikuwa inawaletea kabichi. Mbarak? Hamjui. Jeshi ni kubwa.

Salimu ana tonge mkononi, halipandi wala halishuki. Ustadhi akanitazama. Abdulrahim hakunitazama, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Kutoka ndani nikasikia sauti ya bibi inauliza, huyo anayecheka ni nani.

Nikapitia uani, kwenye banda la kuku. Nimekimbia na kanzu mwilini.

Jumanne, 11 Novemba

Sijafungua kibanda tangu jana. Kahindi amenijia na habari, uso wake umejaa raha. Watu wanarudisha kanzu. Sadaka ya maiti asiye maiti haiwakai mwilini. Abdulrahim anazunguka na pikapu yake akizikusanya, Msambweni mpaka Bodo, na Twaiba anazifua na kuzipiga pasi. Kahindi anasema wawili hao hawazungumzi sana, lakini wanazikunja pamoja, huyu anashika mabega, huyu anashika upindo.

Yangu nimeshaipeleka kwa fundi cherehani aifupishe. Niliipeleka jana. Sijui kwa akili gani. Kichwa kinafadhaika, mikono inafanya inachokijua.

Wala kulala silali. Si kwa ajili ya Twaiba pekee. Ni zile kunde. Wali na kunde nimezitoa hewani, bibi akazipokea kwa mikono miwili.

Ijumaa, 14 Novemba

Bibi Subira ameniita. Nimekwenda nikiwa nimejiandaa kwa bakora. Na ningeipokea.

Hakunigombeza. Aliniweka karibu, akanishika mkono. Alisema kwamba tangu siku ile nilipomletea picha alikuwa mama wa maiti, na alihisi baridi ambayo hata mablanketi mawili hayakuiondoa. Kisha akasikia kicheko barazani, kicheko cha mtu mzima aliyekwenda vitani akarudi. Akasema kama mume wa Mama Wayua alirudi, kwa nini mwanawe asirudi. Akasema, "Umeniulia mwanangu, Swabir, kisha ukanirudishia. Nimekusamehe."

Wallahi ningependa bakora.

Akaniomba jambo moja. Nizitazame picha zote zilizobaki, mimi mwenye jicho la picha. Labda Mbarak yuko nyuma kabisa, anachungulia. Nikimwona nimwambie. Nimekaa nazo mlangoni mwake jua zima, kwa kioo cha kukuzia. Wanaonyoa, wanaolala, wanaobeba kabichi. Hayumo. Nikamwambia bibi hayumo. Ni neno la kweli la kwanza nililomwambia, na ndilo lililomliza. Nami nikalia, sioni haya kuliandika.

Twaiba alinisindikiza mpaka kwenye kiambaza cha ua, hapana zaidi. Alisema Abdulrahim anakwenda Nairobi na vyeti vya Mbarak kuuliza jeshini, kwa njia iliyonyooka, na jibu lolote litakalokuja, jema au baya, wataletewa wenyewe. Alisema nisiende kwao kwa muda. Hakusema muda gani. Akaongeza kwamba kuna kanzu moja haijarudi, na kila jioni bibi anazihesabu kwa mikono.

Nimejuta. Nimejuta mpaka kwenye mifupa. Nimeapa: sitatunga tena, sitapanga tena. Nitatengeneza fremu na nitanyamaza.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimekwenda Shimoni kumpelekea mteja fremu. Huko nimekunywa kahawa kwa mzee mmoja mwenye birika na kashata, mgeni wa Pemba, hana jamaa huku, na si msemaji. Nilipomwambia kahawa yake imeungua, alicheka.

Mwanya!

Nimemtazama kwa kila upande. Umri ni ule ule. Bibi macho hayaoni, yeye hupapasa tu. Nimemuuliza kama aliwahi kuwa askari, akasema aliwahi kuwa bawabu wa ghala la nazi. Kazi ni ile ile. Kurunzi tu badala ya bunduki.

Na nimefikiri vizuri safari hii, si pupa. Bibi hakuniomba maiti, aliniomba Mbarak. Akipata mtu wa kumwita mwanangu, dhambi yangu iko wapi? Na mwana akirudi, walii yuko nyumbani, na walii aliyetafutwa na mimi atamwoza Twaiba kwa nani? Kwa mtu wa ndizi? Abdulrahim bado yuko Nairobi, amepanga foleni. Niharakishe tu.

Mzee amekubali, ila ameuliza kama huko kwa bibi kutakuwa na pilau. Nimemwambia kuna wali na kunde, na lazima aseme anazipenda. Saluti nimemfundisha, anainua mkono wa kushoto lakini atazoea. Mzee mwenyewe ni mfupi kidogo. Wazee hupungua urefu, bibi anajua hilo.

Kanzu ilitoka kwa fundi jana, na ndiyo niliyofungia fremu ya mteja. Imemkaa kama aliyopimiwa.