Cherehani Yangu Niliyopewa Msaada Mara Nne

Kwa Mkurugenzi,
Idara ya Maendeleo Endelevu,
Kiwanda cha Sabuni.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: OMBI LA KUACHIWA CHEREHANI YANGU NIFANYIE KAZI

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na idara yako yote, hasa yule bwana mpiga picha, ambaye mara ya mwisho nilimwacha akikohoa.

Mimi ni fundi wa nguo. Chumba changu cha kazi kiko nyuma ya kiwanda chenu, mlango wa kijani, pale mfereji unapotoa povu. Mtaani wananiita Mama Pindo. Kwenye majalada yenu mimi ni Mnufaika Nambari 1, 4, 9 na 13. Siandiki kwa ubaya. Najua biashara kubwa ina wajibu kwa dunia nzima, maana nimeambiwa hivyo kwa kipaza sauti mara nne. Ila nina malalamiko, na nimeyapa namba kwa sababu Binti wa Beji, yaani yule afisa wenu anayevaa beji ya rangi nyingi, aliniambia huko ofisini hamsomi kitu kisicho na namba.

1. Cherehani ni yangu. Ni ile ya kukanyaga kwa miguu, niliachiwa na marehemu mama, na imenilisha miaka ishirini na sita. Siku ya kwanza Binti wa Beji aliingia akaniuliza nahitaji nini ili nijikwamue kimaisha. Nikamjibu kwamba nahitaji kumaliza gauni. Akaandika. Akauliza kama natumia cherehani, nikamwonyesha. Akaizunguka, akagusa gurudumu, akasema, "Mama, hii ndiyo hasa tuliyokuwa tunataka kukupa." Wakaja wapakizi wawili wakaibeba kwenda kupakwa rangi ya kampuni. Siku ya tisa ilirudi ikiwa ya buluu, imefungwa utepe, nikakabidhiwa mbele ya wageni. Nilishukuru. Mtu akikurudishia kitu chako unashukuru, ni adabu tu. Sikujua kwamba shukrani hiyo inarekodiwa.

2. Picha zilipokwisha, mliichukua tena. Nilidhani wamejisahau, nikawakimbilia hadi kwenye gari. Binti wa Beji akanishika bega, akaniambia taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Mama Pindo, maendeleo endelevu ni yale yanayoendelea. Yakikaa kwako yatakuwa yamesimama." Nilirudi ndani nikakaa kwenye stuli yangu, mbele ya pale palipobaki wazi, na miguu ikaendelea kukanyaga hewa kwa mazoea.

Cherehani ilipelekwa mtaa wa pili kwa wifi yangu, ambaye hawezi hata kutunga uzi kwenye sindano. Nimeona picha yake imebandikwa kwenye ukuta wa kiwanda, analia machozi ya furaha. Nilimwuliza alikuwa analilia nini. Akasema, "Wifi, niliona gauni la mwanangu bado limebanwa chini ya sindano."

3. Hilo gauni. Lilikuwa la harusi ya mpwa wangu, binti wa huyo huyo wifi, na lilikuwa na mkono mmoja. Lilisafiri na cherehani yake. Kila palipokuwa na makabidhiano, mgeni rasmi alilinyanyua juu na kulitangaza kuwa matunda ya mradi, na mpaka harusi inafika lilikuwa limeshonwa na wanawake saba, likiwa bado na mkono mmoja. Mpwa wangu alikuja akakaa mlangoni kwangu, akanitazama. Nikaliiba, Ndugu Mkurugenzi. Nakiri. Nililichomoa chini ya sindano wakati wa hotuba. Nikakata kitambaa cheupe kutoka kwenye bango lenu na kushona mkono wa pili kwa sindano ya mkono. Bibi harusi alipendeza. Ila kila alipoinua mkono kucheza, ukumbi mzima ulisoma kwapani: USAFI WA LEO, DUNIA YA KESHO. Bwana harusi alidhani ni ujumbe wake.

4. Malengo ya dunia. Binti wa Beji alinieleza kwamba cherehani yangu inatimiza malengo matano kwa mpigo: inaondoa umaskini, inainua wanawake, inaleta kazi yenye staha, inatunza hali ya hewa kwa kuwa haitumii umeme, na inalinda viumbe wa majini. Hilo la tano nilishindwa kulielewa. Akaniuliza kama cherehani yangu imewahi kumdhuru samaki. Nikafikiri kwa uaminifu, nikasema hapana. Akaandika. Kuhusu samaki wa mfereji wenu sikuulizwa, nami si mtu wa kudakia mambo.

5. Mume wangu. Yeye ni mchomeleaji mstaafu, mzima wa afya, ana sauti nzito. Kwenye majalada yenu, Mnufaika Nambari 1 na Nambari 9 ni mjane. Kwa hiyo siku hizo mume wangu huombwa akakae nyuma ya tangi la maji mpaka hotuba ziishe. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alisikia mgeni rasmi akimwombea dua apumzike kwa amani, na tangu hapo hataki kutengeneza bawaba ya mlango. Akiambiwa, anajibu, "Ungemwambia mume wako alipokuwa hai."

6. Mwendo wa hesabu. Kwenye hotuba ya mwisho mlisema mmekomboa wanawake kumi na watatu. Tumejitafuta mtaani tukajikuta watatu: mimi, wifi, na mama muuza mkaa, ambaye cherehani ikifika kwake huitumia kutundikia magunia. Nimesikia kwamba mwakani mmeahidi dunia wanawake mia moja. Ndugu Mkurugenzi, miguu ya ile cherehani ni ya chuma, lakini hata chuma kina mwisho wake.

Kwa hayo, naomba niachiwe cherehani wiki mbili, nimalize nguo za watu. Kama hilo haliwezekani kwa kuwa maendeleo yatasimama, basi naomba nami niendelee nayo. Nifungwe utepe. Nipakizwe kwenye gari nikiwa nimekaa kwenye stuli yangu, nikabidhiwe kwa kila mnufaika pamoja na cherehani, nami nishone huko huko wakati mnapiga makofi. Chakula changu nitabeba. Mume wangu amekubali. Anasema mwenyewe keshazoea kutokuwepo.

Wasalimie wote hapo idarani, wapakizi wawili, walinzi wa geti, na mgeni rasmi yeyote atakayekuwepo kwa wakati huo. Wifi anawasalimu. Muuza mkaa anawasalimu.

Wako katika kukombolewa,

Mama Pindo,
fundi wa mlango wa kijani.

N.B. Kabla sijaifunga bahasha, Binti wa Beji alipita hapa. Ameisoma barua yote akiwa amesimama, akatoa kitambaa akafuta macho. Amesema idara imetafuta kwa muda mrefu mtu anayeujua uhitaji kwa undani. Kuanzia Jumatatu mimi ni Afisa Uendelevu wa Mtaa. Nimepewa beji na kiti kinachozunguka. Nimeyasoma upya malalamiko yangu nikiwa nimeivaa beji, nikaona ni maneno ya mtu asiyetazama mbali. Yapuuzeni yote. Cherehani iendelee, na mume wangu nimemweleza kwamba kufa kwake kuna faida kwa jamii.

Hata hivyo, kwa lengo la wanawake mia moja, cherehani peke yake haitatosha. Jirani yangu wa ukuta wa pili ni mwoka mikate. Ana oveni nzuri sana ya chuma, inaingia mikate arobaini. Mwenyewe bado hajajua kwamba hana kitu. Nitakwenda kumweleza kesho asubuhi, akishamaliza kuoka. Leteni wapakizi wanne, ni nzito.