Picha ya Zimwi, Kama Ulivyotaka

Jumatatu, 4 Agosti
Leo ndiyo umeikumbuka njia ya kwangu, mjukuu? Hata paka hupotea akarudi! Haya, kaa usome. Shule sikuikanyaga, herufi nilizichuma kwenye magunia ya unga. Zikipinda, pinda nazo.

Ulicheka kwenye simu, ukasema utakuja siku nitakayokuonyesha picha ya zimwi. Basi nimeitoa sandukuni kamera ya marehemu babu yako. Ya filamu, nzito kama tofali. Kesho treni, mpaka kwenye mapango. Wifi yangu, dada wa babu yako, amejialika. Amesema zimwi nalifuata mbali kwa nini na kioo ninacho.

Jumanne, 5 Agosti
Treni haijashika kasi, wifi kashasinzia mdomo wazi. Nikampiga picha, kujaribu kamera. Akaamka kunifundisha: nizungushe kigurudumu cha pembeni, filamu isogee. Nizungushe iishe? Anifundishe yeye, mtu anayeunguza hata maji ya chai! Sikuzungusha. Filamu ni ya mazimwi.

Jumatano, 6 Agosti
Pangoni. Giza, harufu ya popo. Kitu kikaguna. Pembe! Nikapiga. Akatoka ng'ombe, anatafuna. Mchungaji akauliza kwa upole kama ng'ombe wake amenikosea. Nikamwambia mnyama mwenye adabu hajifichi mapangoni. Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Kigurudumu sikukigusa.

Alhamisi, 7 Agosti
Mazimwi hayakutokea. Waoga wakubwa! Nimepiga mti mkavu wenye vidole. Wifi akasema nikikuonyesha mti utajua bibi yako kachanganyikiwa, na hutakuja kabisa. Hilo lilinichoma. Nikamnyima mkate. Baadaye nikampelekea, na blanketi langu juu, maana anakohoa, mdomo mrefu yule.

Jumamosi, 9 Agosti
Nyumbani. Mpiga picha wa sokoni amesafisha filamu. Picha moja tu! Eti sikuzungusha, kila nilichopiga kimepandiana humo humo. Visingizio vya mtu asiyejua kazi.

Nikaitazama. Mdomo wazi kama tanuri. Pembe mbili. Vidole vya mti vinatoka masikioni. Kichwani, kilemba cha wifi. Zimwi lenyewe, mzima mzima!

Wifi akapiga kelele kwamba yule ni yeye. Tamaa hiyo! Zimwi limwibie kilemba, yeye adai na sura? Nikamwambia zimwi likujualo halikuli likakwisha, ashukuru limechukua kilemba tu. Akanionyesha kilemba, anacho kichwani. Basi limekirudisha.

Picha iko chini ya godoro. Itazame, kisha njoo jikoni nikukumbatie, mtovu wa adabu wee. Na safari ijayo usingoje zimwi ndiyo uje. Njoo na filamu mpya, tukalipige lile la ziwani. Na ole wako uguse kigurudumu!