Siku Zagabe Alipoipima Bukavu

Tone la iodini lilianguka kwenye bugali, na bugali ikageuka nyeusi.

Zagabe alikuwa amekaa mezani kwa Olive, amenyoosha kidole alichojikata wakati wa kufungua kopo la samaki. Olive alikuwa muuguzi wa zahanati moja ndogo ya Kadutu, na mkono wake haukuwa na kawaida ya kutetemeka. Siku hiyo ulitetemeka.

"Aii, pole," alisema, akasogeza sahani pembeni. "Iodini na bugali bikikutana, binafanyaka vile. Hata mate ya mutu mwenye ametoka kula bugali, ukitia iodini inakuwa nyeusi."

Wakati huohuo redioni watu wawili walikuwa karibu kushikana mashati. Miezi mitatu ilikuwa imepita tangu bondia Aganze amshinde bondia mwenzake Blanchard kwa pointi moja, na Bukavu ilikuwa bado haijapoa. Wa kwanza alisema majaji hawakuona vizuri. Wa pili alisema majaji waliona vizuri sana, ila Blanchard alikunywa dawa za kuongeza nguvu na bado akashindwa, aibu mara mbili. Wa kwanza akasema aliyekunywa dawa ni Aganze. Mechi ya marudiano ilikuwa Jumapili, na mtangazaji akauliza kwa uchungu: kweli katika mji huu mzima hakuna hata mtu mmoja wa kuwapima?

Zagabe aliitazama redio, akaitazama bugali nyeusi, kisha akamtazama Olive kwa macho ya mtu aliyeteremshiwa neema.

Inafaa tumtendee haki. Zagabe hakuwa mwizi. Mwizi huingia kwa dirisha. Zagabe aliingia kwa mlango, akapewa kiti, akapewa chai, na alipoondoka na mali ya mwenye nyumba, mwenye nyumba alimsindikiza mpaka barabarani na kumwambia asipotee. Miaka ishirini aliishi hivyo, na hakuna siku moyo wake ulimsumbua.

Sasa ulikuwa unamsumbua, kwa sababu ya Olive. Alimpenda. Alimpenda vibaya, kwa kukosa usingizi, kwa kununua marashi. Na baba yake Olive, Muzee Venant wa Mudaka, mzee mwenye fimbo na kikohozi, alikuwa amesema neno lake: mahari ni ng'ombe wawili, waonekane kabla ya Jumapili kwisha. La sivyo, kuna agronomu mmoja, bwana shamba wa Luberizi, kijana mwenye mashamba ya mpunga na adabu, ambaye alikuwa tayari amekuja mara mbili kusalimia.

"Ngombe mbili," Zagabe alimwambia Olive, akisimama na kidole chake kilichofungwa bendeji. "Jumapili utaziona."

"Zilete pale kwenye sale, ule ukumbi wa mechi," alisema Olive. "Papa atakuya pale na Fuso ya mujomba wangu. Atazipokea palepale, mambo iishe." Kisha akamwekea chupa ya iodini mfukoni, kwa ajili ya kidonda.

*

Siku ya Ijumaa asubuhi, mtu mwenye koti jeupe, miwani na karatasi yenye mihuri saba alibisha hodi kwa Maman Rosette. Muhuri mmoja ulikuwa wa chama cha ushirika wa kahawa na mwingine wa shule ya chekechea, lakini ni nani husoma muhuri? Muhuri huhesabiwa.

Maman Rosette alikuwa tajiri wa sambaza, vile visamaki vya ziwa, na yeye ndiye aliyemlea Blanchard katika ngumi tangu akiwa hajui kufunga glavu. Mikono yake ilikuwa imebeba makarai ya samaki kwa miaka thelathini. Mgeni alimkuta anakula parachichi kwa kijiko, amekunja uso.

"Karibu, Docteur. Usinione vile. Muganga alinikataza bugali, muhogo, mukate, byote. Mwezi wa sita huu. Niko na hasira ya kuuma mutu."

"Pole, maman. Mimi natoka Kinshasa, kwa kazi ya kupima bondia." Zagabe alishusha sauti. "Mulionewa, maman. Ile pointi moja. Mutu mwenye alimupiga mutoto wenu hakuwa peke yake mu ring. Alikuwa na dawa mu damu."

Kijiko kilisimama hewani. "Nilisema! Miye nilisema tangu ile siku!"

"Shida ni moja. Kipimo ni cha bei. Na Kinshasa hawajatutumia kitu, munajua serikali. Lakini ningekuwa na ngombe moja ya kuuza..."

"Iko! Ngombe iko! Unamupima Aganze mbele ya batu?"

"Mbele ya batu bote, saa nane kamili."

Saa nane ilikuwa imechaguliwa kwa utaalamu. Mabondia wakishapimwa uzito asubuhi hula, na saa nane ya Jumapili katika Bukavu hakuna kinywa ambacho hakijapita bugali.

Mchana wa siku hiyohiyo, mtu yuleyule, na miwani ileile, alikuwa amekaa kwa Papa Bulonza, mfanyabiashara wa saruji na mfadhili wa Aganze. Bulonza alikuwa mshindi, lakini ushindi wa pointi moja ulikuwa unamwasha kila mahali alipokwenda.

"Banasema nilinunua majaji," alilalamika. "Mimi! Nilibapatia tu mifuko ya simenti, ya urafiki."

"Papa Bulonza," alisema Zagabe kwa huzuni, "mwenye kulia sana ndiye mwenye alikunywa dawa. Nikipima Blanchard mbele ya batu, nani atafungua tena mudomo?"

Bulonza alikuwa na ng'ombe kumi na wanne kule Kabare. Mmoja hakuonekana kuwa kitu, kwa amani ya moyo.

Hapa msimulizi anaomba msomaji avue kofia. Wajanja wa kawaida huuza uongo mmoja kwa watu wawili, kisha hukimbia. Zagabe aliuza kipimo kimoja kwa watu wawili, na wote wawili wangepata kitu walichokilipia. Rosette angemwona Aganze anageuka mweusi. Bulonza angemwona Blanchard anageuka mweusi. Huo si utapeli, ni huduma.

*

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Nje, kwenye uwanja, ng'ombe wawili wazuri walikuwa wamefungwa kwenye mti wa grevilea, na kando yao Muzee Venant alikohoa juu ya fimbo yake. Olive, katika kitenge kipya, alimpungia Zagabe mkono. Zagabe aliingia ndani akijisikia bwana harusi.

Alipanda ulingoni na koti lake jeupe. Mwalimu mstaafu Philémon, mkuu wa majaji, alihesabu mihuri saba mmoja baada ya mwingine, akaridhika.

"Kwanza najipima miye mwenyewe," Zagabe alitangaza, "mujue kipimo hakina upendeleo." Hakuwa amegusa chochote tangu asubuhi isipokuwa chai. Alisukutua, akatema ndani ya glasi, akatia tone. Maji yalibaki ya njano kama chai nyepesi. Watu wakapiga makofi kwa mtu msafi.

Akaja Aganze, akasukutua, akatema. Tone likaingia na glasi ikawa nyeusi kama wino.

Maman Rosette alipiga vigelegele mpaka viti vikalia. Lakini Zagabe, mtu wa haki, alikuwa tayari amemwita Blanchard. Nyeusi tena. Papa Bulonza alipanda juu ya kiti na kucheza, na kiti kikavunjika, akaendelea kucheza sakafuni.

Zagabe alifunga mkoba wake. Kazi ilikuwa imekwisha. Mke alikuwa nje.

"Docteur, ngoja," alisema Philémon. "Règlement, sheria ya ngumi, inakataza bondia mwenye dopage, mwenye dawa mu damu, kupigana. Bote babili bametoka. Sasa mechi iko wapi?"

Ukumbi ulifikiri juu ya neno hilo kwa sekunde tatu, kisha ukalipuka. Watu walikuwa wamekata tiketi. Watu walikuwa wametoka mbali. Na kutoka nyuma sauti moja ikapaa juu ya zote: "Mupime majaji!"

Zagabe alijaribu kueleza kwamba dawa ni ya mabondia tu. Walinzi wa mlango, wanaume wawili wapana, walimrudisha kwa upole ulingoni. Jaji wa kwanza akawa mweusi. Wa pili akawa mweusi. Mwalimu Philémon alisukutua kwa heshima kubwa, akatema, akawa mweusi kuliko wote, maana alikuwa amekula mara mbili.

Furaha iliyofuata haiwezi kuelezwa. Miezi mitatu mji ulikuwa unajiuliza ile pointi moja ilitoka wapi, na sasa jibu lilikuwa ndani ya glasi: majaji walikuwa wamelewa dawa! Watu walikumbatiana. Kila mmoja alitaka kupimwa. Fundi wa taa alikuwa na dawa. Muuza tiketi alikuwa na dawa. Papa Bulonza alikuwa na dawa, akaapa kwamba hata sukari hatii kwenye chai. Katekista mmoja alijiona mweusi akaanza kuungama palepale.

Kisha akaja Maman Rosette, na glasi yake ikabaki njano.

"Safi!" ukumbi ulipiga kelele. "Maman ni safi!"

"Kama ni vile," alisema Philémon, akifungua kitabu cha sheria kwa uso wa mtu aliyekutwa na dawa lakini hajapoteza cheo. "Mwenye kupigana lazima awe safi. Mu hii sale, safi ni babili. Maman Rosette, na Docteur."

Zagabe alicheka. Aliona ndiye peke yake anayecheka.

"Lakini mimi ngombe yangu nilimupa apime Blanchard," Papa Bulonza alikuwa anasema pale chini ya kamba, "si kupima sale nzima."

Maman Rosette alimgeukia taratibu. "Ngombe gani? Ngombe ni mimi nilimupa. Apime Aganze."

Walitazamana. Kisha wakamtazama Zagabe, wote wawili pamoja. Maman Rosette akavua hereni, akampa Bulonza amshikie.

"Munivalishe glavu," alisema.

*

Katika raundi ya kwanza Zagabe alitumia silaha yake ya siku zote. "Maman, tuongee," alisema, akirudi kinyumenyume. "Sisi ni batu bakubwa. Hii mambo iko na maelezo."

"Ongea tu, Docteur," alijibu Maman Rosette akimfuata. "Miye nasikilizaka na mukono."

Raundi ya pili alisikiliza. Ngumi ilitoka mbali, kutoka miaka thelathini ya makarai na miezi sita bila bugali, na Zagabe akajikuta amelala chali, akiutazama mlango ulio wazi chini ya kamba ya chini. Kupitia mlango ule aliona uwanja. Aliona Fuso. Aliona ng'ombe wa kwanza anapandishwa, na wa pili. Aliona Muzee Venant akitupa fimbo kwenye majani na kuruka ndani ya gari kama kijana wa miaka ishirini na mitano, bila kikohozi. Aliona Olive akipanda mbele, akajibana karibu na mzee yule kwa namna ambayo binti hajibani kwa baba yake. Olive aliangalia nyuma mara moja. Haikuwa kwa dharau. Ilikuwa karibu kama huruma, na hiyo ndiyo iliyomuuma Zagabe kuliko ngumi.

"Olive!" alilia, akasimama kabla refa hajahesabu mpaka sita, akajitupa kwenye kamba atoke. Mashabiki wakamsukuma ndani. Maman Rosette akamwangusha. "Olive!" Akasimama tena, akakimbilia kamba, akarudishwa, akaangushwa. Mara saba aliangushwa na mara saba alisimama, machozi yanamtoka, akipigania njia ya kufika mlangoni, na ukumbi mzima ulikuwa haujawahi kuona moyo wa bondia wa namna ile. Kengele ilipolia, Fuso ilikuwa imeshaacha vumbi tu.

Majaji waliinamishiana vichwa. Kisha Mwalimu Philémon akasimama na kutangaza: mshindi, kwa pointi moja, kwa ajili ya ushujaa wa kusimama, ni Docteur Zagabe.

Mzozo uliozuka unaendelea mpaka leo, na hatutauingia. Inatosha kusema kwamba Maman Rosette alidai marudiano, na kwamba alipotulia, yeye na Bulonza walimketisha bingwa kwenye kigoda cha kona ya ulingo.

"Sasa," alisema Bulonza. "Ngombe zetu ziko wapi?"

Hapo Zagabe alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miaka ishirini. Alisema ukweli. Aliusema wote, mbele ya ukumbi mzima, kwa mdomo uliovimba: kwamba hakuwa daktari, kwamba hakuna hata mtu mmoja mle ndani aliyekunywa dawa, kwamba ni bugali tu, bugali na iodini, na kwamba ng'ombe wameondoka na mwanamke aliyempenda kwa moyo wake wote.

Watu walimtazama kwa huruma. Mtu mwenye mihuri saba, si daktari? Bugali, kuwa dawa? Na muuguzi mpole wa Kadutu, kuiba ng'ombe?

"Anaogopa marudiano," alinong'ona fundi wa taa.

Mwalimu Philémon aliwaita wenzake wawili, wakanong'onezana, wakaandika. Kisha akasafisha koo.

"Kuhusu maneno ya Docteur," alisema, "majaji bameona ni uongo. Pointi tatu kwa sifuri."

Ulikuwa uamuzi wa kwanza wa majaji wa ngumi katika Bukavu ambao hakuna mtu aliyeubishia.